Vua Raba za Kaka Yako

Pasiansi, Ijumaa jioni

Kabula mwanangu,

Umetoka kwenda Mkuyuni kununua begi la mgongoni, na umetoka umevaa raba za kaka yako. Nimekusindikiza kwa macho mpaka ulipokata kona. Ulipodhani hakuna anayekuona ulisimama, ukashika ukuta wa jirani, ukanyanyua mguu wa kulia kama kuku aliyenyeshewa, ukaushusha taratibu kwa kisigino, ukaendelea. Mimi nilikuwa dirishani. Ndiyo maana naandika.

Mama yako yuko jikoni anakaanga sato wa safari yako. Bibi yako amelala mkekani, kanga usoni. Ziwa limetulia leo, halina hata kikunjo, na wale vijidudu vya maji wamepanda juu yake kama moshi wa jiko la mbali, wanazunguka tu, hawaendi popote. Saa kama hizi akili yangu nayo huwa hivyo hivyo. Naanza na wewe, najikuta kwenye ujana wangu, narudi kwako. Nivumilie.

Kesho jioni meli ya Bukoba inakuchukua. Mwanangu anakwenda kuwa mwalimu, na nikikuambia kwamba sijalia nitakuwa nakudanganya. Nimelia kibandani, nyuma ya miwani ya kuchomelea, ambako hakuna anayejua chozi ni la moshi au la nini. Mambo ya chandarua, ya kula kwa wakati, na ya vijana wenye maneno matamu, mama yako amekwisha kuyamaliza. Sina la kuongeza, na hata ningekuwa nalo angesema nimelisema vibaya. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya dole lako.

Juzi asubuhi ulikuwa unatoa lile sanduku la bati. Unalijua jiwe letu la mlangoni, lile nililoshindwa kulivunja nikaamua kuijenga nyumba kulizunguka. Ulijikwaa hapo, na sanduku likakuponyoka likamalizia kazi juu ya dole gumba. Niliusikia mlio wake nikiwa uani. Kabla sijafika, bibi yako alikuwa ameshauliza, "Mguu gani?" Ukasema, "Wa kulia, bibi." Basi nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele. "Heri! Safari imeitika! Mke mwenzangu, huko uendako watakupokea kwa mikono miwili!" Ukacheka, na macho yako yamejaa maji.

Nilikuuliza kama umeumia. Ukasema, "Aa, baba, siyo kitu." Jana nikauliza tena. "Nimeshapona, baba, mbona una wasiwasi?" Na leo viatu vyako vipya, ulivyovichagua kwa siku nzima, viko chini ya kitanda, na wewe umevaa raba zinazokuzidi ukubwa. Hukuniongopea kwa ubaya. Ulishindwa kusema kwamba heri inauma. Nakuelewa kuliko unavyodhani, kwa sababu mimi pia nilishindwa.

Sasa tuje kwenye dole langu mimi. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini mguu wangu wa kulia una vidole vinne, nikakuambia kimoja kililiwa na samaki kamongo. Nilidhani nimefanya utani mzuri. Kumbe tangu siku hiyo ukagoma kuingiza miguu ziwani. Wenzako wanapiga mbizi, wewe unaoga kwenye beseni pale ufukweni, umeligeuzia ziwa mgongo, na mimi nacheka na wavuvi. Nisamehe kwa hilo. Kamongo hakuhusika.

Nilikuwa mcheza ngoma. Hili unalijua kwa kusikia tu, hukuniona. Kijijini kwetu, mbele ya Kisesa, nilicheza bugobogobo, ngoma ya majembe, na sijisifu nikisema nilikuwa nalirusha jembe juu, nazunguka, nalidaka kwa mkono wa nyuma kabla mpini haujageuka. Baada ya mavuno tulikuwa tunakwenda Bujora kushindana. Makundi mawili yanacheza kwa pamoja kwenye uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na watazamaji wanakimbilia wanakokupenda. Hakuna hakimu. Atakayebaki na watu wengi ameshinda. Ndiyo maana kila kundi lilikuwa na mganga wake wa kuvuta watu, na kila aliyeshindwa alikuwa na neno la kusema juu ya mganga wa mwenzake.

Upande wa pili alikuwa anacheza Masanja. Masanja na mimi tulichunga ng'ombe pamoja tangu hatujaota meno ya pili. Tulikuwa tunagawana kiazi kimoja. Lakini ukoo wao ulikuwa kundi lile, wetu kundi hili, kwa hiyo mara moja kwa mwaka tulikuwa maadui mpaka jua lizame, kisha tunarudi pamoja tukitaniana njia nzima.

Asubuhi ya shindano moja, tulikuwa tumebeba ngoma kubwa kwenye mti, wawili wawili. Kwenye kivuko cha kijito nilijikwaa kwenye jiwe, mti ukaniteleza begani, na ngoma ikashuka yote juu ya dole langu gumba. Niliona weupe. Nikasikia sauti ya mama yangu, huyu huyu bibi yako, akitokea nyuma na kibuyu cha uji: "Mguu gani?" Nikasema wa kulia. Ulikisikia kigelegele chake cha juzi? Wakati ule kilikuwa na nguvu mara mbili. Wazee wakashangilia, kiongozi wetu akanipiga bega akasema leo uwanja ni wetu. Damu ilikuwa inachuruzika kwenye katambuga zangu za tairi, na mimi nikatabasamu.

Nikacheza. Kabula, sijawahi kucheza vile, wala sijaona mtu akicheza vile. Maumivu yalikuwepo mpaka ngoma ya kwanza ilipolia, kisha yakaenda zake. Vumbi lilipanda likawa la rangi ya dhahabu, na ndani ya vumbi niliona watu wanatoka upande wa Masanja wanakuja kwetu, wanakuja taratibu, kama watu wanaotembea ndani ya maji. Jembe langu lilikuwa linapanda juu na kukaa huko kwa muda mrefu kuliko inavyowezekana. Mpaka leo huwa naota siku ile. Katika ndoto vidole ni vitano, na havina uzito.

Jioni nilikwenda nyuma ya zizi nikalitazama dole peke yangu. Kucha ilikuwa imeng'oka kwenye mzizi imesimama. Dole lenyewe limeinama upande, halikuelekea wenzake walikoelekea. Nikaogopa. Zahanati haikuwa mbali, lakini ningewaambiaje? Ningesema nakwenda kutibiwa heri? Na kiongozi angejua, angeweka mtu mwingine mahali pangu. Kwa hiyo nikalishika dole nikalivuta mwenyewe linyooke, nikalifunga kitambaa kwa nguvu, nikaanza kulikanda kila jioni kwa maji ya moto na chumvi, nikidhani nalitendea wema.

Likavimba mpaka likang'aa. Likawa linapwita na moyo, silali. Halafu siku moja maumivu yakapungua. Nikafurahi! Nikamwambia Masanja, bwana, limepona. Lakini nilipoligusa halikunijua. Lilikuwa la baridi, na rangi yake ilikuwa imegeuka ya majivu. Nikalipaka mafuta ya kunukia kwa sababu lilianza kuwa na harufu yake. Uwekundu ukapanda juu ya unyayo, mtoki ukanitoka kwenye kinena, homa ikanishika nikawa namwita babu yangu aliyekufa zamani. Ndipo wakanipakia kwenye gari la pamba.

Daktari alikuwa mama mmoja kijana, mpole. Aliuliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia, "Ilikuwa mguu wa kulia." Hakucheka, na hakunigombeza. Alinionyesha picha ya mguu wangu akaeleza kwamba mfupa ulivunjika siku ile ile, na kucha iliyong'oka juu ya mfupa uliovunjika ni kidonda kilichofika mfupani, hata kama kwa macho kinaonekana ni cha kucha tu. Usaha ulikuwa umeingia humo, na damu ilikuwa haifiki tena nchani. Ningekuja siku ya kwanza, alisema, wangelisafisha, wangelinyoosha, wangenichoma sindano ya pepopunda na kunipa dawa, na ningerudi kucheza mwaka uliofuata. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha wakalikata.

Usidhani dole gumba ni pambo. Ndilo linalosukuma ardhi unapogeuka. Nilijaribu kucheza mara moja, nikazunguka nikaanguka mbele ya watu, na jembe likaanguka pembeni yangu. Sikuingia tena uwanjani. Likaniwasha miaka mingi, dole ambalo halipo, hasa mvua ikikaribia. Nainama kulikuna, mkono unakuta hewa.

Hayo bado si mabaya yenyewe. Mabaya ni haya. Niliporudi kutoka hospitali nilikuta kijiji kimeshaamua. Walisema nimerogwa. Kundi lililoshindwa limelipiza, na nani mwingine kama si Masanja, aliyekuwa anajua nyayo zangu tangu utotoni? "Si ndiye alikuwa anakuja kukutazama kila siku?" Kweli alikuwa anakuja. Alikuwa ananiletea maziwa. Mimi nilikuwa nayajua maneno ya daktari, yote, na nilikaa kimya. Kurogwa kulikuwa na heshima kuliko ujinga. Mtu aliyerogwa kwa ajili ya kucheza vizuri anaimbwa. Aliyeozesha dole lake kwa kulificha anachekwa. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimepoteza kila kitu, nikaona angalau nibaki na jina.

Watu wakaacha kula kwa kina Masanja. Wazazi wa mchumba wake wakarudisha ng'ombe. Akahamia Geita, hakuaga. Wewe ulikuwa umeshazaliwa nilipopata moyo wa kumfuata huko. Nilimkuta anafuga nguruwe, amenenepa, ana mvi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungesema neno moja tu, bwana. Moja tu." Kisha alinipa kiti, akaniwekea ugali na maziwa. Mkono hakunipa.

Basi, mama, ndiyo maana sikupi wosia wa maisha. Ninachokijua vizuri ni dole tu, na hilo nitakupa lote. Litakufaa hata kwa watoto utakaowafundisha, maana wanacheza mpira peku na madawati yanawaangukia.

Si kila dole lililogongwa ni la kukimbiza hospitali. Kidole kidogo kikigongwa, kikawa kimenyooka, hakina kidonda, mtoto anaweza kukanyaga, mwache apumzike, mguu uwekwe juu ya mto, kitambaa chenye barafu kiwekwe kwa muda mfupi mfupi. Unaweza kukifunga pamoja na jirani yake, pamba katikati, bila kukaza. Usikande kwa maji ya moto siku hizo za mwanzo, na usikivute. Kikiwa kinapungua uvimbe kila siku, kinakwenda vizuri. Kisipopungua, kipelekwe kikaonekane.

Lakini dole gumba lina mzigo wa mwili mzima, hilo usilifanyie makisio. Likivimba ukashindwa kulikanyagia, nenda lipigwe picha. Na liwe gumba au kidogo, likipinda lisielekee walikoelekea wenzake, usingoje. Ngozi ikifunguka au kucha ikang'oka, usingoje, hata kama damu imeacha. Damu ikijaa chini ya kucha ikawa nyeusi na inapwita mpaka hulali, wapo wanaojua kuitoa vizuri, wewe usiitoboe. Bonyeza ncha ya dole mpaka iwe nyeupe, uachie. Rangi ikirudi haraka, damu inafika. Ikichelewa, au dole likawa la baridi, la bluu, au limekufa ganzi, hapo hata kesho ni mbali, nenda saa ile ile. Na ukiona usaha, au uwekundu unatambaa, au homa, ujue umeshachelewa, lakini nenda hivyo hivyo. Mwenye kisukari hasubiri hata mchubuko. Unafikiri kwa nini kila Jumapili namwosha bibi yako miguu? Anadhani ni adabu tu. Nakagua kucha.

Na lile la maumivu yanayopungua ghafla wakati dole lenyewe linazidi kubadilika sura, usilifurahie kama nilivyolifurahia.

Leo mchana, ulipokuwa umekwenda kuaga kwa shangazi yako, nilikaa na bibi yako nikamwambia yote. Alikuwa hajui. Miaka yote hii amekuwa akiamini ni Masanja, na kila akisikia jina hilo anatema mate. Nilipomaliza aliutazama mguu wangu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni kigelegele changu?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Ni mdomo wangu."

"Mbona hukuniambia linauma? Mimi ni mama yako. Ningekuacha?"

Akachezea pindo la kanga yake muda mrefu, akasema heri ni heri, mguu wa kulia ni wa kulia, hawezi kuikana mila kwa sababu yangu. Lakini heri haijawahi kumkataza mtu kwenda kwa daktari, na aliyeniambia inakataza ni nani? Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe. Kisha akaniuliza kama ninaweza kumpata Masanja kwenye simu. Nikasema nitatafuta namba. Akasema, "Tafuta. Lakini kwanza mtoto avue hicho kiatu." Ndipo akajifunika kanga usoni, na sijui kama amelala kweli.

Kwa hiyo hakuna wa kumficha tena, Kabula. Hakuna heri utakayoiharibu. Kama ni meli unayoiwazia, nimeongea na mkuu wako wa shule, namba yake ilikuwa kwenye karatasi ya mama yako. Amesema mwalimu anayetembea anamtaka, na yuko tayari kumsubiri mpaka atembee. Meli inakwenda na kurudi. Ukikosa ya kesho utapanda ijayo, na mimi nitakuwa nimekupata siku chache zaidi, jambo ambalo, nikisema ukweli, halinihuzunishi.

Nilikuwa nimepanga niiweke barua hii juu ya sanduku lako, uikute ukirudi, uisome ukiwa peke yako, uvue soksi, ulitazame dole, kisha uamue wewe mwenyewe asubuhi, kwa sababu sasa ni mtu mzima na sitaki kukuamulia. Niliona huo ndio utaratibu wa baba mwenye busara. Jua limeshagusa maji. Nimesoma nilichoandika tangu mwanzo, na nimejiona. Nimekuona ukishika ukuta tangu ulipotoka. Nimejaza kurasa hizi zote kukuambia usingoje, na mimi nimekaa kwenye kiti nangoja, kwa sababu naogopa usije ukanikasirikia siku ya mwisho. Ni woga ule ule. Haujanitoka na dole.

Nimemwita dereva wa bajaji, anasema yuko karibu. Mama yako nimemwambia azime jiko. Nakufuata Mkuyuni sasa hivi, nitakutafuta duka kwa duka kwenye wauza mabegi, na nikikukuta nitakushika mkono mbele ya watu, ukinuna unune. Barua hii utaisoma kwenye benchi la hospitali, tukisubiri jina lako liitwe. Nitakuwa nimekaa pembeni yako. Ukifika hapa usiseme neno, niegemee tu begani.

Baba yako